Sura ya 4: Maji Hufika Ozi Kabla ya Habari

Mkulima wa mpunga wa Ozi, kijiji cha Delta ya Tana, hutazama mwezi kabla ya kutazama mawingu. Kipini na mlango wa mto haviko mbali, na bahari inapojaa huko, huyazuia maji matamu ya Tana na kuyainua mpaka yamwagike mashambani. Huo ndio umwagiliaji wa wenyeji. Hauna pampu wala bomba; una mifereji iliyochimbwa kwa jembe na hesabu ya bamvua iliyorithiwa kwa wazee. Mto ukiwa na nguvu, chumvi hubaki upande wa bahari. Mto ukidhoofika, chumvi hupanda, ikaingia kwenye mpunga, ikafikia mizizi ya miembe na minazi. Ndiyo maana kabla ya kufungua mfereji mtu huchota maji kwa kiganja na kuyaonja kwa ncha ya ulimi.

Ulimi humpa habari za leo. Habari za wiki ijayo ziko mbali sana naye, juu mtoni, kwenye mabwawa matano yaliyojengwa kati ya 1968 na 1988: Kindaruma, Kamburu, Gitaru, Masinga na Kiambere. Masinga peke yake lina uwezo wa kubeba mita za ujazo bilioni 1.56, na hakuna bwawa jingine kwenye mto huo linalolifikia. Kampuni ya kuzalisha umeme, KenGen, ndiyo inayoyaendesha mitambo. Mamlaka ya maendeleo ya mito Tana na Athi, TARDA, iliyoundwa 1974, ndiyo iliyopewa jukumu la kupanga matumizi ya bonde zima. Mamlaka ya Rasilimali za Maji husoma vipimo vya mto Garissa na kwingineko. Idara ya Hali ya Anga hutabiri mvua za milimani. Zote nne ni taasisi za umma, na kila moja ina kipande cha jibu ambalo mkulima wa Ozi analitafuta kwa ulimi.

Mto wenyewe umewahi kugeuzwa kwa uamuzi wa watu. Zamani Tana ilimwaga maji yake baharini kusini zaidi. Katika karne ya 19, enzi za usultani wa Witu, ukachimbwa mfereji wa Belezoni kuuunganisha na mto Ozi, na polepole maji mengi yakaifuata njia hiyo mpya hadi Kipini. Tangu hapo maisha ya hapa yamekuwa yakitegemea maamuzi yanayopitishwa mahali pengine. Wanaokaa mwisho wa mto ni wa mwisho kupata maji wakati wa kiangazi, wa kwanza kuzama wakati wa mafuriko, na mara nyingi wa mwisho kuambiwa lolote.

Mwishoni mwa 2023 mvua za El Niño ziliufurisha mto, na Aprili na Mei 2024 ukafurika tena. Vijiji vya delta vilizingirwa na maji, familia zikahamia kambini, mifugo na mazao yakasombwa. KenGen ilitoa tangazo kwamba mabwawa yamejaa na kwamba walio chini ya mto wahamie sehemu za juu. Tangazo hilo lilikuwa la kweli na lilihitajika. Lakini delta ni tambarare. Mama mwenye watoto wanne na magunia mawili ya mpunga anahitaji kujua zaidi ya neno "sehemu za juu": maji kiasi gani yanakuja, yatapita Garissa lini, yatafika Garsen siku gani, yatapanda mpaka wapi. Maji ya Masinga huchukua siku kadhaa kuteremka mpaka pwani. Siku hizo zinatosha kuokoa gunia, mbuzi, cheti cha kuzaliwa, na mzee asiyeweza kutembea, mradi tu zianze kuhesabiwa Ozi siku ileile zinapoanza kuhesabiwa Masinga.

Takwimu hizo si fadhila ya afisa. Ni haki, na imeandikwa.

Kifungu cha 35 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinasema kila raia ana haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa Serikali, na pia zilizo mikononi mwa mtu mwingine yeyote ikiwa zinahitajika ili kutumia au kulinda haki fulani. Kinaendelea kuitaka Serikali itangaze yenyewe, bila kungoja kuulizwa, taarifa muhimu zinazoligusa taifa. Miaka sita baadaye, tarehe 31 Agosti 2016, ikatiwa saini Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa, Nambari 31 ya mwaka huo, ikaanza kutumika mwezi uliofuata. Uganda ilikuwa na sheria ya namna hiyo tangu 2005, na Tanzania Bara ilipitisha ya kwake mwaka uleule wa 2016. Sweden iliwatangulia wote: ilipitisha yake mwaka 1766.

Sheria ya Kenya ni nzuri kuliko wengi wanavyodhani, na inafaa isomwe polepole na watu wa kijijini, maana kuna mahali inaonekana kama iliandikwa kwa ajili yao. Ombi laweza kuandikwa kwa Kiswahili. Mwombaji halazimiki kueleza anazitakia nini taarifa hizo, wala afisa haruhusiwi kumnyima kwa sababu anamshuku. Hakuna ada ya kuomba. Kinachoweza kulipishwa ni gharama halisi ya kutoa nakala na kuzituma. Asiyejua kusoma na kuandika, au mwenye ulemavu unaomzuia kuandika, anaweza kusema kwa mdomo, na ni wajibu wa afisa kuyaandika maneno yake na kumpa nakala. Jibu litolewe ndani ya siku 21. Afisa akihitaji muda zaidi anaweza kujiongezea siku 14, mara moja tu. Ofisi iliyopokea ombi ikiwa haina taarifa hizo, inatakiwa kulipeleka kwa ofisi iliyo nazo ndani ya siku tano, badala ya kumzungusha mtu mlango kwa mlango.

Na kuna kipengele kimoja ambacho kingepaswa kubandikwa kwenye ukuta wa kila ofisi ya chifu kando ya Tana: taarifa inayohusu uhai au uhuru wa mtu itolewe ndani ya saa 48.

Mafuriko yanahusu uhai.

Watu wa delta hawakuanza kudai habari baada ya sheria hii. Walianza kwa sababu ya ardhi, na walianza kwa kuchelewa kuambiwa. Juni 2008 Mamlaka ya Kitaifa ya Mazingira, NEMA, ilitoa leseni kwa mradi wa miwa wa TARDA na kampuni ya sukari ya Mumias, uliokusudiwa kuchukua hekta zipatazo 20,000. Wafugaji, wakulima na watetezi wa mazingira, Profesa Wangari Maathai akiwa miongoni mwa waliopaza sauti, waliupinga. Mahakama Kuu ya Malindi ikausimamisha mwezi uliofuata, kisha mwaka 2009 kesi ikatupwa kwa hoja za utaratibu. Kabla vumbi halijatulia, mwishoni mwa 2008, magazeti yaliandika kwamba Rais Mwai Kibaki amerudi kutoka Qatar na mazungumzo ya kuipa nchi hiyo hekta 40,000 za Delta ya Tana ilime chakula, nayo igharimie bandari ya Lamu. Jambo hilo halikutekelezwa. Lakini fikiria linavyosikika kwenye redio ndogo ya betri, chini ya mwembe, kwa mtu ambaye babu yake amezikwa kwenye ardhi inayozungumzwa. Baadaye ikaja kampuni ya Canada, Bedford Biofuels, na mpango wa kulima mibono ya mafuta. NEMA ikaipa leseni 2011 ianze na hekta 10,000.

Kila mradi ulikuja na ramani yake. Nani alikuwa na nakala ya ramani hizo kijijini? Penye ukimya wa ofisi uvumi hujaza nafasi, na katika delta uvumi juu ya ardhi ni hatari. Mwaka 2001 upimaji wa ardhi ulichochea mapigano kati ya wakulima na wafugaji. Kati ya Agosti 2012 na Januari 2013 zaidi ya watu 100 waliuawa, na Kilelengwani na Chamwanamuma, majirani wa Ozi, ni miongoni mwa vijiji vilivyoteketezwa. Chanzo cha damu ile kilikuwa zaidi ya kimoja, na itakuwa ni kuwakosea waliokufa kudai kwamba karatasi moja ingewaokoa. Lakini Mpokomo mkulima na Muorma mfugaji ambao wote wawili wameiona ramani ileile, wakasomewa mpaka uleule kwa lugha wanayoielewa, angalau wanagombana juu ya kitu kilichopo.

Mwaka 2013 Mahakama Kuu jijini Nairobi ilitoa hukumu mbili ambazo hazikuandikwa pamoja, lakini mtu wa Ozi ana sababu ya kuzisoma pamoja. Zote mbili zilitoka kwa jaji mmoja, Mumbi Ngugi.

Ya kwanza, ya Februari 4, ilihusu delta yenyewe. Wakazi wanne walikuwa wamezishtaki taasisi za Serikali juu ya miradi ile mikubwa. Jaji aliamuru kwamba mipango ya matumizi ya ardhi ya delta, ya muda mfupi, wa kati na mrefu, iandaliwe kwa kuzishirikisha kikamilifu jamii zinazoishi hapo. Miezi michache kabla, Septemba 2012, delta ilikuwa imeorodheshwa kuwa ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar, eneo la hekta 163,600. Mpango wa matumizi ya ardhi ya delta ulizinduliwa 2015, baada ya mikutano ya vijiji ambamo wazee na vijana walichora wenyewe njia za ng'ombe, mashamba na misitu.

Ya pili, ya Mei 2013, haikuitaja Ozi hata kidogo. Jarida la Nairobi Law Monthly lilikuwa likiitaka KenGen itoe taarifa za zabuni ya uchimbaji wa visima vya mvuke kule Olkaria. KenGen ni kampuni, ina wanahisa, na hisa zake zinauzwa sokoni. Je, hiyo ni "Serikali"? Jaji alikubali kwamba shirika ambalo Serikali inamiliki asilimia 70 ya hisa zake na linalofanya kazi ya umma linabanwa na Kifungu cha 35. Jarida hata hivyo lilishindwa, kwa sababu haki ile ni ya raia, na kampuni iliyochapisha jarida haikuwa raia. Sheria ya 2016 ililiziba pengo hilo kwa kuhesabu kuwa raia pia taasisi binafsi inayodhibitiwa na Wakenya.

Ukiziweka hukumu hizo mezani pamoja, njia inaonekana. Wakazi wa delta wana haki ya kushirikishwa katika mipango ya mahali pao, na kampuni inayoendesha mitambo ya Masinga ina wajibu wa kuwajibu raia. Mkulima ni raia. Kikundi cha wakulima wa mpunga kilichosajiliwa, leo, nacho kinaweza kuomba kwa jina lake.

Pwani imekwisha kuonyesha kwamba milango hii hufunguka, ingawa huchelewa. Aprili 30, 2018, Mahakama Kuu iliamua kesi ya bandari ya Lamu na kukubali kwamba haki kadhaa za wakazi zilikiukwa, ikiwemo haki ya kupata taarifa. Iliagiza fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa wavuvi wapatao 4,600. Desemba 2019 wanaharakati Khelef Khalifa na Wanjiru Gikonyo waliomba mikataba ya reli ya kisasa ya Mombasa hadi Nairobi. Hawakupewa. Walikwenda Mahakama Kuu ya Mombasa, na Mei 13, 2022 Jaji John Mativo akaamuru nyaraka zitolewe. Novemba mwaka huo Waziri wa Uchukuzi, Kipchumba Murkomen, aliitoa hadharani mikataba ya mkopo wa China ambayo kwa miaka mingi iliitwa siri. Wasomaji walikuta ndani yake kipengele kilichoitaka Kenya iyafiche masharti ya mkopo ambao Wakenya wenyewe wanaulipa.

Sheria ina vizuizi vyake, na baadhi ni vya haki. Usalama wa taifa, faragha ya mtu, siri halali za kibiashara, uchunguzi unaoendelea: haya yanaweza kumfanya afisa akatae. Lakini kukataa kunapimwa dhidi ya manufaa ya umma, na manufaa ya umma yakiwa mazito zaidi, taarifa hutolewa. Ratiba ya kufungua maji ya bwawa si siri ya jeshi. Na kuna jambo lililofichika kidogo ndani ya kifungu cha 6: nyaraka zilizokaa zaidi ya miaka 30 huhesabiwa kuwa wazi mpaka ofisi ithibitishe vinginevyo. Masinga lilikamilika 1981. Karatasi za kulipanga bwawa hilo, na kama ndani yake kuna mtu aliyeandika mpunga wa Ozi utanyweshwa na nini baada ya mafuriko ya msimu kupungua, zimeshavuka umri huo. Zinaweza kuombwa.

Ugumu mkubwa ni wa kawaida zaidi. Ni nauli. Kutoka Ozi mtu hupanda boti hadi Kipini, gari hadi Witu, kisha huifuata barabara ya Lamu kurudi Garsen. Makao makuu ya Kaunti ya Tana River yako Hola, safari nyingine tena. Akifika, mhusika hayupo, "rudi Jumatatu". Ripoti za mkaguzi mkuu wa hesabu za Serikali na za msimamizi wa bajeti kuhusu kaunti hii zinapatikana kwenye intaneti, lakini ziko kwa Kiingereza, kurasa mia kadhaa, na huku mtandao hupatikana kwa kusimama mahali maalumu. Sheria ya 2016 inataka taarifa zisambazwe kwa kuzingatia lugha ya mahali na njia inayofaa zaidi mahali hapo. Kanuni za tathmini ya mazingira za 2003 ndizo zinazosema wazi zaidi: mradi utangazwe gazetini, mabango yabandikwe mahali watu wanapopita, redio itangaze pia kwa lugha ya wenyeji, na mikutano isiyopungua mitatu ifanywe na watakaoathiriwa. Kwa mradi kama bwawa la High Grand Falls, ambalo limepangwa kwa miaka mingi kujengwa juu ya mto huu huu, watakaoathirika hawaishii pale ukuta utakaposimama. Wanafika mpaka Ozi, na redio inapaswa kufika nao.

Kaunti nayo haina pa kujifichia. Kifungu cha 96 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinaitaka kila kaunti iteue ofisi ya kushughulikia upatikanaji wa taarifa. Kulijua jina la ofisi hiyo, na kulibandika msikitini, zahanati na shuleni, ni kazi ya siku moja kwa mwakilishi wa wadi anayetaka kuwatumikia watu wake.

Barua yenyewe haihitaji wakili. Karatasi moja ya daftari la shule inatosha. Juu kulia tarehe. Chini yake jina la mwombaji na namba ya simu, kisha anwani: kwa Afisa Mkuu Mtendaji, maana sheria inamhesabu mkuu wa taasisi kuwa ndiye afisa wa taarifa. Kichwa cha barua: ombi la taarifa kwa mujibu wa Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria Nambari 31 ya 2016. Kisha maswali, yenye namba na tarehe, kila swali likiuliza jambo moja. Anayeandika "tunataka kujua kuhusu maji" atajibiwa kwa kijitabu cha matangazo. Anayeomba nakala ya vipimo vya kila siku vya maji yaliyotoka Masinga kuanzia Novemba 1, 2023 hadi Mei 31, 2024 ameomba kitu ambacho kipo kwenye jalada au hakipo.

Ziandikwe nakala mbili. Moja ibaki ofisini. Ya pili igongwe mhuri wa kupokelewa, wenye tarehe, na irudi na mwenyewe kijijini ndani ya mfuko wa plastiki, pamoja na kitambulisho na kadi ya kliniki, vitu ambavyo watu wa delta hubeba kwanza maji yanapoingia. Mhuri huo ndio unaoanzisha saa. Siku 21 ni bamvua moja, na pengine mbili. Zikipita bila jibu wala nyongeza ya muda, ukimya unahesabiwa kisheria kuwa ni kukataliwa, na mwombaji ana siku 30 za kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, inayojulikana zaidi kama Ombudsman, yenye ofisi Mombasa na kaulimbiu ya "Hata Mnyonge ana Haki". Tume inaweza kuiagiza taasisi itoe taarifa. Asiyeridhika hapo ana Mahakama Kuu.

Kikundi cha Ozi kitakachokaa kuandika barua ya namna hiyo, wakulima na wavuvi pamoja, mzee mmoja wa Gasa, baraza la wazee wa Wapokomo, akisikiliza na kijana wa kidato cha nne akishika kalamu, hakitakosa maswali. Chumvi imefika wapi tangu vipimo vilipoanza? Mto unatakiwa kubakishiwa maji kiasi gani wakati wa kiangazi, na nani aliyekadiria? Nani alitia saini makadirio hayo? Na swali la mwisho, ambalo halihitaji utafiti wowote kujibiwa: maji yakifunguliwa juu, nani hasa ana jukumu la kuipigia simu Ozi, na siku ngapi kabla?